Mikono Chini ya Lango

Jumanne, 4 Machi

Tumehamia kwa mama mkwe. Kwetu maji yameingia mpaka chumbani, na fundi wa paa ameapa hapandi juu mvua isipokata. Mke wangu anasema ni kwa muda tu. Nimekuja na begi la nguo, kompyuta na vifaa vyangu vya kazi; mimi hutengeneza simu, na kibanda changu nacho kimezingirwa na maji. Mama ametupokea vizuri mno, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Alikuwa mkalimani wa mahakama hadi alipostaafu. Ukimsalimia tu unahisi umeapishwa.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimetengeneza pasi ya jirani.

Jumamosi, 8 Machi

Leo Mama amenifungulia chumba cha vitabu. Rafu zimepanda hadi darini, na hakuna hata kitabu kimoja cha hadithi za kubuni. Vyote ni vya mambo yaliyotokea: jinsi watu wanavyooana na kuachana, kwa nini kijiji fulani kilihamwa, nani aliwasaliti wenzake wakati wa vita. Viwili vilikuwa vimefungwa pamoja kwa raba.

"Hivyo havipatani," Mama akasema. "Mwandishi mmoja anasema wale watu walihama kwa hiari yao, mwingine anasema walifukuzwa. Nimevifunga visije vikasomwa kimoja kimoja."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kisha akanionyesha rundo la karatasi mezani. Anaandika kitabu chake mwenyewe, kuhusu moto wa kiwanda cha nyuzi, na anataka nimchapie. Hakuniomba hasa. Alisema, "Vidole vyako vinaenda mbio, nimeviona."

Moto ule unajulikana na kila mtu hapa mjini. Wafanyakazi walikuwa wakifungiwa ndani ili wasitoke kabla ya zamu kwisha. Siku moja pamba ikashika moto. Mlinzi wa lango, badala ya kungoja amri, akalifungua, watu wakatoka. Wengine hawakuwahi, lakini waliowahi walimshukuru hadi anazeeka. Mlinzi huyo ni marehemu baba mkwe wangu. Ukumbi wa mtaa una jina lake, na mlangoni kuna kibao cha shaba: *Alilifungua lango.* Nilipokwenda kuposa, mjomba wangu alinipigia saluti.

Nimekubali kazi. Ningekataa vipi?

Jumanne, 11 Machi

Nimechapa siku nzima. Mahali alipoandika "moto ulikuwa mkali" mimi nikaongeza "kama wa jehanamu". Akasoma, akavua miwani.

"Ulishakwenda jehanamu, mwanangu?"

"Hapana, Mama."

"Basi ifute mpaka utakaporudi na habari zake."

Jumamosi, 15 Machi

Mama anawaita watu waliokuwapo siku ile, mmoja mmoja, na mimi nachapa wanavyosema. Leo alikuja mzee kinyozi, yule mwenye duka karibu na stendi. Siku ya moto alikuwa kijana wa kusukuma mikokoteni ya pamba. Ameongea vizuri sana, na sauti yake ikawa inatetemeka kila anapotaja lango.

"Lango lilifunguka. Nilihisi upepo usoni. Nikatambaa, nikatoka, nikajikuta barabarani. Kama si mume wako, shemeji, wale wajukuu zangu wasingekuwepo."

"Uliona likifunguliwa, au uliambiwa?"

"Moshi ulikuwa mzito. Lakini nilitoka. Mtu hatoki palipofungwa."

Mama akaandika. Kinyozi alipoondoka nikamwambia Mama huu ni ushahidi mzuri. Akajibu, "Ni ushahidi. Uzuri wake hatuujui bado."

Mtu anayependa swali lile kama yeye sijaona. *Uliona au uliambiwa?* Ameniuliza hata mimi, nilipomwambia sukari imekwisha.

Jumapili, 16 Machi

Mvua, mvua, mvua. Sukari imekwisha kweli.

Jumatatu, 24 Machi

Kaka wa mke wangu amekuja. Ni mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, na watu wote humwita Mwenyekiti, hata mama yake mzazi. Ni mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa. Alileta mkate na maziwa, akatukumbatia kama tuliotoka safari. Kitabu kinamfurahisha. Anataka picha ya baba yake ikae kwenye jalada, amesimama langoni.

"Hakuna picha yake langoni," Mama akasema.

"Atachorwa!"

"Na mchoraji atamuuliza nani alisimamaje?"

Mwenyekiti akanigeukia. "Shem, unaishije na mtu huyu?" Tukacheka wote, na Mama naye akatabasamu. Mimi nilikuwa nikimuona mama huyu kama mtu asiyependa raha. Nimeanza kushuku kwamba raha yake ipo, ila imejificha mahali ambapo wengine hatupajui.

Alhamisi, 27 Machi

Mke wangu amerudi hoi kutoka hospitali, zamu ya wodi mbili. Mimi nimechapa. Maji yamefika ngazi ya kwanza.

Jumatano, 2 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Alikuja bibi mmoja anayeishi ng'ambo ya reli, mwembamba, mnyoofu. Alikuwa msokotaji nyuzi kiwandani, na hadi leo watu humwita Bibi Nyuzi. Mama alimwita mara kadhaa akawa anakataa. Leo alijileta mwenyewe, mwavuli umegeuka ndani nje, na hakutaka kukaa.

"Nimekuja kwa sababu nasikia unaandika kitabu cha kweli," alisema. "Basi andika hivi: lango halikufunguka."

Mke wangu alikuwa akimimina chai. Akaacha.

"Endelea, dada," Mama akasema, sauti ileile anayomsemesha muuza mboga.

"Halikufunguka. Lilikuwa la chuma, la kusukuma pembeni, na joto lilikuwa limelipinda. Tulilipiga mpaka mikono ikatutoka damu. Tuliotoka tulitokea nyuma, kwenye tundu la mfereji wa maji machafu, tukasukumana kama panya. Nikiwa hospitalini nikasikia mlinzi ametufungulia. Nikasema hapana. Wakaniambia nina mshtuko. Nikasema tena. Wakaniambia nina wivu. Nikanyamaza. Kila nikipita pale ukumbini nasoma kile kibao, nainamisha kichwa kama mwizi, na mimi sijaiba."

Nilikuwa nimeacha kuchapa. Mama akanigusa kiwiko: chapa.

"Uliona nini, wewe mwenyewe?" akamuuliza.

Bibi Nyuzi ndipo akakaa.

"Chini ya lango palikuwa na uwazi, kama upana wa kiganja. Nilikuwa nimelala chini, ndiko kulikuwa na hewa kidogo. Nikaona vidole. Mtu wa nje alikuwa ameingiza mikono yake chini ya kile chuma, anajaribu kulinyanyua lango zima. Kile chuma, ukikitemea mate yanalia. Na hakuitoa mikono. Nikavishika vile vidole. Vikanishika. Sijui kwa muda gani. Kisha mwenzangu akanivuta mguu, akapiga kelele kuna tundu nyuma. Aliyeachia ni mimi. Yeye hakuachia."

"Ilikuwa mikono ya nani?"

"Miaka yote hii ndilo swali langu."

Mama aliinamisha uso. Nilidhani analia, nikatazama pembeni kwa heshima. Lakini alikuwa anaandika.

Mgeni alipoondoka, nilimwona Mama akimsindikiza hadi kwenye lile dimbwi la barabarani, viatu vyake ndani ya maji, mwavuli wake mzima amempa yule bibi. Akarudi amelowa chapachapa.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo mvua imepungua.

Ijumaa, 4 Aprili

Mke wangu alikuwa akikunja nguo, akaanza kusema bila kuulizwa. Baba yake alikuwa na makovu kwenye vidole, upande wa ndani, mikono yote miwili, yamekatiza kwenye pingili za kwanza kama mstari. Utotoni alikuwa akiyagusa akimuuliza ni nini, naye humjibu, "Lango lilikuwa zito." Hayo tu.

"Mimi ni muuguzi," akasema. "Mtu akigeuza ufunguo haungui hivyo."

Nilimwambia twende tukamwambie Mama. Akanitazama kama mtoto mdogo. "Unadhani Mama hakuiona mikono ya mume wake?"

Jumapili, 6 Aprili

Mwenyekiti amejua. Mji huu hauna siri. Aliingia na viatu vya matope hadi sebuleni.

"Mama, unataka kumzika baba mara ya pili?"

"Kaa, mwanangu."

"Sikai! Mimi nimekulia kwenye jina lile. Watoto wangu wanasoma kile kibao wakienda shule. Leo bibi mmoja anakuja hapa na maneno yake, na wewe unayatia kitabuni?"

"Na ya kinyozi nimeyatia. Yote mawili, yanafuatana."

"Msomaji atajuaje nani mkweli?"

"Atajua waliokuwapo walisema nini. Mimi mwenyewe sijui zaidi ya hapo."

Akapiga meza. "Basi andika kuwa mikono ilikuwa yake! Ana makovu, bibi aliona vidole, unataka nini tena? Hata hivyo bado ni shujaa. Ni shujaa zaidi!"

Hapo hata mimi moyoni nilisema, andika, Mama, jamani. Ingekuwa dawa kwa kila mtu.

Mama alisubiri mpaka pumzi ya mwanawe itulie. "Mahakamani nilikuwa nikisema 'mimi' nikiwa na maana ya mtu mwingine. 'Mimi nilimpiga.' 'Mimi sikuwepo.' Watu walifungwa kwa maneno yaliyotoka kinywani mwangu, na wengine wakaachiwa. Sikuongeza neno hata pale nilipojua neno moja lingemwokoa mtu. Unataka nianze na baba yako?"

"Ndiyo!" akasema. "Ndiyo, Mama! Kwa nani tena ungeanza?"

Akatoka. Mvua ikamfunika kabla hajafika barabarani. Mama alichukua kitambaa akafuta matope yake sakafuni, polepole, alama moja baada ya nyingine, na hakukubali nimsaidie.

Jumanne, 8 Aprili

Simu ya Mwenyekiti haipokelewi. Nimechapa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nitajitahidi kuandika kama nilivyoona, bila chumvi.

Asubuhi Mama alisema, "Vaa mabuti, tunatoka." Tulikwenda kiwandani. Siku hizi ni ghala la saruji, lakini ukuta ni uleule na lango ni lile la chuma, limenyooshwa likapakwa rangi ya buluu. Mlinzi wa sasa alitujua, akatukaribisha. Mama akaniambia niingie ndani, nisukume lango mpaka lijifunge, kisha nilale kifudifudi palepale.

"Nilale kwenye matope, Mama?"

"Bibi Nyuzi alilala kwenye moto."

Nikalala. Matope yakaniingia hadi kifuani. Chini ya lango kuna uwazi kweli, upana wa kiganja, na kupitia pale niliona matone ya mvua yakirukaruka barabarani, na ncha za viatu vya Mama. Viatu vikarudi nyuma. Nikaona magoti yake yakitua kwenye maji. Mama mkwe wangu, ambaye sijawahi kumwona hata akikaa mkao mbaya, alipiga magoti barabarani mbele za watu, akaingiza vidole vyake chini ya lango.

Sikuwa nimejiandaa. Vidole vilikuwa pale, mbele ya pua yangu, vyembamba, vimekunjamana kwa maji. Hakuna mwili, hakuna uso. Vidole tu, vikivuta. Chuma kizima kikatoa sauti ndogo. Nilisahau nipo hapo kwa ajili ya nini. Nikavishika.

Vikanishika.

"Unaviona?" sauti yake ikasema kutoka upande wa pili.

"Naviona."

"Vya nani?"

"Vyako, Mama."

"Umejuaje?"

Nikatazama tena. Nikatafuta alama, kovu, pete, chochote. Alikuwa ameivua pete. "Kwa sababu nimekuja na wewe," nikasema.

"Ungekuwa hukuja na mimi?"

Shavu langu lilikuwa kwenye tope. Ningeapa kuhusu nini? Kwamba kuna mtu upande ule, na kwamba haachii. Hicho ningekiapia mbele ya jaji yeyote. Zaidi ya hapo, nisingejua.

"Nisingejua, Mama."

"Haya. Inuka, utapata kichomi."

Tulirudi kwa miguu, wote wawili tumejaa tope kama wafinyanzi. Njiani nilimsikia akisema, si kwangu hasa, "Mume wangu alikuwa haendi kwenye kumbukumbu ya moto. Kila mwaka nilimpigia pasi shati, kila mwaka akasema kichwa kinamuuma. Nilidhani ni unyenyekevu. Huenda ulikuwa. Huenda alikuwa anatamani mtu mmoja tu amuulize, na mimi, niliyekuwa nikiuliza watu kutwa nzima, sikumuuliza."

Niliwahi kumwogopa mama huyu. Leo nimemwona akiwa na njaa ya jibu kuliko sisi wote, jibu lenyewe limekaa mezani limeiva, na yeye akakataa kulila kwa kuwa hana hakika ni lake.

Ijumaa, 11 Aprili

Nina kikohozi. Mke wangu anasema nimestahili.

Jumamosi, 19 Aprili

Sura ya mwisho imekamilika. Sentensi yake ya mwisho ni: *Sijui ilikuwa mikono ya nani, na aliyekuwa anajua hatunaye.* Mchapishaji amependekeza asome mbele ya watu kabla kitabu hakijachapwa. Ukumbi ni mmoja tu mjini, na ufunguo anao Mwenyekiti. Mama alimtumia ujumbe mfupi. Jibu lilikuja jioni: *Jumamosi ijayo. Nitafungua mwenyewe.*

Jumamosi, 26 Aprili

Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Mwenyekiti alipanga viti bila kumtazama mtu. Mama akapanda jukwaani na karatasi zangu, akaanza kusoma: kinyozi kwanza, kisha Bibi Nyuzi. Alisoma kama alivyokuwa akifanya kazi yake, bila kupandisha sauti. Aliposema "nilihisi upepo usoni", ungedhani ni yeye. Aliposema "aliyeachia ni mimi", mwanamke mmoja nyuma yangu alitoa mguno.

Kabla hajamaliza, mvua ikashuka juu ya mabati kwa kishindo kiasi kwamba hata aliyekaa mstari wa mbele hakusikia. Mama akanyamaza. Akashusha karatasi, akangoja. Nilitarajia watu watainuka, wachungulie nje, waanze habari zao. Hakuna aliyeinuka. Ukumbi mzima ulikaa umemtazama mwanamke mmoja aliyekuwa haongei. Sijawahi kuona watu wakisikiliza namna ile kitu kisichosikika.

Mvua ilipolegea alisoma sentensi ya mwisho, akavua miwani.

Kinyozi akasimama. "Nimeheshimu yote. Lakini lango lilifunguka. Mimi nilipita."

Bibi Nyuzi akasimama upande wa pili. "Halikufunguka, ndugu yangu. Mimi nilikuwa nalo usoni."

Wakatazamana. Nilijua sasa yataanza matusi, na nadhani kila mtu alijua. Kinyozi akasema, "Ulikuwa mashine za upande gani?" "Za dirishani." "Mimi nilikuwa stoo." "Kumbe ulikuwa stoo," bibi akasema, na hakuna aliyemrudisha mwenzake nyuma hata hatua moja, ila wakaendelea kuulizana, nani alikuwa wapi, moshi ulitokea wapi, kama watu wawili wanaoshika ncha mbili za shuka moja ili waikunje.

Ndipo mwanamume mmoja akaongea kutoka mlangoni. Ni muuza vipuri vya baiskeli. Ninamjua miaka mingi, si mtu wa maneno.

"Samahani. Mama yangu hakutoka. Kila mwaka tunakuja hapa tunasikia habari za lango. Sijawahi kusikia habari zake. Kuna anayejua alikuwa upande gani?"

Bibi Nyuzi akamuuliza mama yake alikuwa akiitwaje kazini. Akalitaja jina la utani. Yule bibi akashika kiti.

"Alikuwa mashine ya pili kutoka yangu," akasema. "Alikuwa akiimba. Tulikuwa tunamkataza, msimamizi anakuja, naye anaimba tu. Alikuwa na mimba changa, alikuwa ameniambia mimi peke yangu. Wewe ulikuwa umeshazaliwa? Alikuwa akituonyesha unavyotambaa. Alitambaa palepale sakafuni, kati ya mashine, atuonyeshe."

Mtu mzima yule alifunika uso kwa mikono miwili.

Nikamwona Mwenyekiti akienda mbele. Mke wangu akanishika mkono kwa nguvu. Mwenyekiti alimtazama mama yake, kisha watu, na ile sauti yake kubwa haikutoka. Ilitoka nyingine ambayo sikuijua.

"Kuna mwingine," akauliza, "ambaye wake hakutoka?"

Wakaanza kusimama. Mmoja karibu na dirisha. Wawili, dada na kaka, nyuma kabisa. Mzee mmoja kwa kusaidiwa. Watu ninaokutana nao sokoni, ninaowatengenezea simu, na mimi sikuwa najua. Walisimama tu, wakangoja, kama ambao wamekuwa wakingoja tangu zamani bila kujua wanaruhusiwa.

Jumapili, 27 Aprili

Fundi wa paa amepiga simu, anasema keshokutwa anaweza kupanda. Mke wangu alinitazama. Nikamwambia fundi asiharakishe.

Wale waliosimama jana walianza kuja hapa nyumbani asubuhi, miavuli yao imejaa sebuleni pote. Mwenyekiti ndiye anayewafungulia mlango na kuwapa viti. Hajazungumza na mama yake zaidi ya salamu, na sijui kama atamsamehe. Ila ameleta meza yake ya kulia chakula ili pawe na nafasi. Mama aliniambia nifungue ukurasa mpya, nisiandike kichwa chochote juu yake. Kisha akamvutia kiti mgeni wa kwanza, yule muuza vipuri, akakaa mbele yake magoti karibu yagusane.

"Karibu, mwanangu," akamwambia. "Anza na jina mlilokuwa mkimwita nyumbani."